Hodi kichwani: Safari ya siku nne bila kutoka sebuleni

Mlango wenyewe ni mdogo, unashikika kwa vidole viwili. Unaubandika kwenye paji la uso la mtu, unafunguka, nawe unaingia kichwani mwake. Ndivyo tulivyoanza safari yetu mimi na mtoto wa dada yangu, likizo ya Desemba, sebuleni kwao Tabata, feni ikizunguka na mapazia yameshushwa kwa sababu ya jua.

Sikwenda kule kucheza. Dada alikuwa amenipigia simu. "Mdogo wangu, njoo uongee naye. Wewe si ndiye mtu wa afya?"

Mwanaye ana miaka 13, alikuwa amemaliza kidato cha kwanza. Mwezi Agosti rafiki yake waliyekaa naye darasani aliugua kwa siku chache akafariki. Watoto walikwenda msibani, wakarudi, masomo yakaendelea. Tangu hapo nyumbani majibu yake yakawa matatu tu: sijambo, nimeshiba, sijui. Alama zikashuka. Kwanza dada alisema ni balehe. Kisha akasema ni gemu. Mwishowe akanipigia.

Nilifika na maswali yangu kama ninavyokwenda nayo kazini. Unalala saa ngapi? Tangu lini? Unajisikiaje ukiamka? Alijibu yote kwa adabu, akiniangalia magoti. Nilipopumzika kidogo akauliza, "Umemaliza, mama mdogo?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuwasha Xbox aliyoletewa na mjomba wake. Kwa kuwa sikuwa na swali jingine, nikamfuata nikakaa.

Siku ya kwanza: mtaa uliopinda

Gemu inaitwa Psychonauts. Ilitoka mwaka 2005, ikatengenezwa na kampuni ya Double Fine ya San Francisco, Marekani, chini ya mtunzi Tim Schafer. Mhusika wake ni Raz, mtoto wa miaka 10 aliyetoroka kwenye sarakasi ya familia yake na kuingia kambi ya watoto wenye uwezo wa kuingia katika akili za watu. Kila kichwa anachoingia ni nchi yake, yenye ramani, hali ya hewa na wenyeji wake.

"Nikupeleke wapi?" mtoto akaniuliza. Gemu inaruhusu kurudi kwenye vichwa ulivyokwisha pita.

Nikamwambia anipeleke popote anapopapenda. Akanipeleka kwa Boyd, mlinzi wa hospitali kuukuu ya wagonjwa wa akili, mtu anayeamini kuwa kuna njama kubwa dhidi yake. Kichwani mwake kuna mtaa wa nyumba nadhifu zenye bustani, ila barabara imepinda kama utepe uliotupwa hewani. Unatembea, ghafla nyumba ziko juu yako kichwa chini. Kila kona kuna wanaume wenye makoti marefu wanaojifanya raia wa kawaida. Aliyeshika maua anajifanya mjane. Aliyeshika kibao cha "simama" anajifanya fundi barabara, na anakueleza kazi yake kwa sauti ya mtu aliyekariri. Ukitaka kupita, nawe tafuta kitu cha kushika, ujifanye mmoja wao.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye akacheka kwa sababu nimecheka. Dada alichungulia kutoka jikoni, akarudi bila kusema neno.

Kuna jambo dogo nililipenda kuliko yote. Katika kila kichwa yametawanyika mabegi yanayolia. Kuna sanduku linalotoa machozi, kuna mkoba unaopiga kwikwi. Hayo ni mizigo ya moyo ya mwenye kichwa. Huwezi kuyanyamazisha kwa kuyapiga wala kwa kuyabembeleza. Kila begi limepoteza lebo yake, na lebo iko mahali pengine kabisa. Unaitafuta, unairudisha, begi linatulia.

"Hilo umelipita," nikamwambia.

"Lebo yake sijaiona. Ukilifuata bila lebo linalia tu."

Siku ya pili: chumba cha Milla

Siku ya pili alinipeleka kwa Milla, mwalimu mchangamfu wa kambi. Kichwani mwake ni sherehe isiyokwisha: taa za rangi, muziki, watu wanaelea na kudansi. Tuliruka huku na huko kama nusu saa. Kisha akakata kona akaingia pembeni, kwenye chumba kimya cha watoto. Mle kuna sanduku la midoli. Akasimamisha mchezo.

"Hapa nilishafika," akasema. "Nilikuwa peke yangu. Nikazima."

Milla zamani alilea watoto yatima. Siku moja alitoka kwenda dukani, aliporudi akakuta nyumba inateketea na watoto wote ndani. Ukiingia kwenye lile sanduku unakuta moto na sauti zao zikimlaumu. Mchezaji anaweza kumaliza gemu nzima bila kujua kuwa chumba hicho kipo, maana hakuna anayemlazimisha kuingia.

Nilikuwa na maswali kumi mdomoni. Nikayameza. Feni ilizunguka.

"Kiti chake kilibaki palepale mpaka tulipofunga shule," akasema, macho kwenye skrini.

"Hakuna aliyekiondoa?"

"Hakuna aliyesema tukiondoe. Nilikuwa naweka begi langu pale, watu wasikae."

Miezi minne mtoto huyu alikuwa akimlindia rafiki yake nafasi, na sisi watu wazima tulikuwa tunahesabu alama.

Hatukuzungumza zaidi siku ile. Aliwasha mchezo, tukaingia kwenye sanduku pamoja, tukasikiliza kidogo, tukatoka. Milla anapogundua kuwa mgeni amefika kule, hakasiriki wala hakani. Anajua chumba kipo, na anamwambia mgeni asiwe na hofu, amekidhibiti. Kisha sherehe inaendelea chumba cha pili. Katika kazi yangu nimewasikiliza wataalamu wengi wakieleza maombolezo, lakini sijawahi kuonyeshwa kwa uwazi namna ile kwamba mtu anaweza kuwa na chumba cha moto ndani yake na bado akadansi, mradi anajua mlango uko wapi.

Siku ya tatu: hospitali iliyogeuka kasino

Sehemu ya pili ya gemu hii, Psychonauts 2, ilitoka Agosti 2021. Watengenezaji walishirikiana na Take This, shirika la hisani la Marekani linaloshughulikia afya ya akili katika jamii ya wacheza gemu, na mwanzoni wameweka tahadhari kwamba hadithi inagusa mambo kama uraibu na hofu kali. Hata maadui wamebadilika. Majuto yanaruka yakiwa yamebeba uzito wa kukuangushia. Mashaka yananata miguuni, huwezi kukimbia. Hasira mbaya haipigiki hovyo. Sharti kwanza uitazame uone chanzo chake.

Tuliingia kwa Hollis, mama mkubwa wa shirika la Raz, ambaye zamani alikuwa daktari. Raz anataka amruhusu aende kazi ya hatari kwenye kasino, naye Hollis anakataa. Basi Raz, akiwa kichwani mwake, anachukua mawazo ambayo hayakuwa pamoja na kuyaunganisha ili mama yule akubali. Anakubali kweli. Ila sasa Hollis ndiye anayekwenda kasino na kubeti bila breki. Raz anaporudi kichwani mwake anakuta hospitali nzima imegeuka kasino, na dawa zinadondoka kama kwenye mashine za bahati. Inambidi afanye kazi kubwa kurekebisha alichoharibu, na aombe radhi. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka tu mtu mwingine afikiri anavyotaka yeye.

Jioni ile dada alinieleza mpango wake wa Januari. Mtoto ahamishwe shule, awekewe tuisheni kila jioni, na mtu yeyote asimtaje tena marehemu nyumbani. "Tumsahaulishe," alisema.

Nikamsimulia habari za Hollis. Alinitazama kama niliyepungukiwa.

"Sasa unataka nikae tu?"

"Ukae naye, dada."

Siku ya nne: sarakasi

Siku ya mwisho tulirudi kwenye gemu ya kwanza, hatua ya mwisho, ambako mtoto alikuwa amekwama kwa wiki kadhaa. Ni sarakasi iliyojengwa kwa nyama, kwa sababu akili ya Raz imechanganyika na ya mwalimu ambaye baba yake alikuwa mchinjaji. Ni ngumu kweli, na inakera. Dada akaja na sahani ya maembe, akakaa mkono wa kochi. Alisema anakaa dakika mbili.

Raz anapanda kamba na nyavu huku baba yake akimrushia virungu vya moto na kumkejeli.

"Huyo baba mbona mkali hivyo?" dada akauliza.

"Siyo baba yake, mama. Ni baba anayemfikiria. Baba yake wa kweli anakuja baadaye, anamsaidia."

Na ndivyo ilivyo. Baba halisi anafika, anashangaa kwamba miaka yote mwanawe aliamini anachukiwa, kumbe ule ukali wa mazoezi ulikuwa namna yake ya kumlinda. Dada alikuwa ameacha kumenya embe.

"Na mimi? Kichwani mwako niko hivyo?"

Mtoto hakugeuka. Alibonyeza pedi mara mbili tatu, Raz akaanguka, ikabidi aanze upya.

"Kidogo," akasema. Akatabasamu.

Dada hakujitetea. Alimpa embe. Zile dakika mbili zilifika saa moja na nusu.

Kwa mzazi anayetaka kusafiri

Kabla hujaiwasha nyumbani, jua haya. Nchini Marekani Psychonauts zote mbili zimewekwa kundi la vijana, yaani takriban miaka 13 kwenda juu. Zina mizaha ya kutisha na mada nzito kama kifo na ulevi, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe nayo peke yake. Lugha ni Kiingereza. Sehemu ya pili ina mpangilio unaomfanya mchezaji asife, unaofaa kwa mzazi asiyejua kushika pedi. Msichezee usiku wa kesho shule.

Gemu si dawa. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na wengi hawatambuliwi wala kutibiwa. Mtoto akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akijitenga na watu wote, au akitaja kutaka kufa hata kwa utani, mpeleke kituo cha afya mapema. Ukisikia hilo la kutaka kufa, usimwache peke yake hata mkisubiri usafiri. Sisi tulikwenda Januari, watatu, na anaendelea kuonana na mshauri nasaha. Shule hakuhamishwa. Ile tuisheni ya kila jioni imebaki siku mbili kwa wiki.

Huna haja ya Xbox ili ufanye safari hii. Wengine huifanya wakichambua mchicha na mtoto au wakitembea naye kwenda dukani, macho yakiwa kwenye kazi nyingine na masikio kwake. Nilichojifunza ni kwamba mimi na dada tulikuwa tunaingia kichwani mwa mtoto kama askari wenye hati ya upekuzi. Kwa jirani tusingethubutu. Kwa jirani tungesimama mlangoni, tungepiga hodi, na tusipojibiwa tungerudi baadaye.

Wiki iliyopita nililala kwao. Usiku nilimsikia dada akisimama nje ya chumba cha mwanawe, chumba ambacho zamani alikuwa akiingia kwa kusukuma mlango.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, baba."

Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma dada.

"Karibu, mama. Subiri kidogo nitoe begi kwenye kiti."