Unyevu wa Makapi

Saa nane za usiku mshale wa kipimo cha mvuke ulianza kushuka. Mwandishi wa kurasa hizi alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, ovaroli yake bado ina harufu ya dukani, amesimama mbele ya boila ya kiwanda kimoja cha sukari. Wachochezi wawili walizidi kusukuma makapi ya miwa tanuruni, lakini badala ya ndimi za moto ulitoka moshi mzito. Mvuke ule ule ndio uliozungusha jenereta, kwa hiyo taa nazo zikafifia, na baada ya kitambo vinu vikasimama. Kijana alikuwa ametoka kufaulu mtihani wa somo la joto na nishati. Hakujua aanzie wapi.

Fundi mchundo wa zamu hakuitazama boila hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja hadi kinu cha mwisho, akachota makapi, akayafumbata, kisha akafungua kiganja mbele ya macho ya kijana. Kilikuwa kimelowa.

"Ndugu mwanafunzi," alisema, "ugonjwa uko huku. Kule kwenye boila unaona homa tu."

Ulikuwa mwaka 1976. Kitivo kilichomtuma kijana kiwandani kilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Vijana wa leo wanaoiona Mlimani na minara yake wanaweza kudhani uhandisi ulikuwepo pale tangu mwanzo. Haukuwepo. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 25, 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Katika mgawanyo wa kazi wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Dar es Salaam ilipewa sheria, Makerere ikashika udaktari, na Mtanzania aliyetaka uhandisi akafungasha sanduku kwenda Nairobi. Vyuo hivyo vitatu vilipotengana mwaka 1970, nchi ilijikuta na viwanda bila shule ya wahandisi: saruji ya Wazo Hill ilikuwa ikitoka tangu 1966, Urafiki ilikuwa ikifuma nguo tangu 1968, na Wachina na Watanzania walikuwa wakianza kutandika reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwandishi aliingia mwaka uliofuata.

Kitivo kichanga namna ile kilikuwa na sababu nyingi za kujiona mnyonge mbele ya Nairobi. Kilichokiokoa kilikuwa herufi mbili ambazo kila mhandisi wa Mlimani anazijua hadi leo: PT, mafunzo kwa vitendo. Mitihani ya mwaka ikiisha, mwanafunzi hakurudi kwao kulima. Alipewa barua, nauli na kitabu cha kuandikia kazi za kila siku, akatumwa kazini, mwaka baada ya mwaka.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya karakana. Mwandishi alikabidhiwa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, akaambiwa akisugue hadi kila upande uwe mraba na jirani yake. Siku ya tatu malengelenge yalipasuka. Mwalimu wa karakana aliweka kigonya juu ya chuma, akakielekeza dirishani, mwanga ukapenya chini ya kigonya kama uzi. "Rudia." Alirudia wiki nzima. Tangu hapo, kila alipochora mchoro na kuandika kipimo cha sehemu ya kumi ya milimita, mikono yake ilijua gharama ya namba ile kwa fundi atakayeitengeneza.

Awamu ya pili ndiyo iliyompeleka kwenye makapi.

Kinu cha miwa kina siri ambayo mwandishi hakuikuta katika kitabu chochote cha darasani. Miwa hupita vinu kadhaa, kimoja baada ya kingine, na kabla ya kile cha mwisho humwagiwa maji ili kusuuza sukari iliyojificha kwenye nyuzi. Idara ya vinu hupenda maji mengi, maana hupimwa kwa sukari inayopatikana. Boila hupenda makapi makavu, maana ndiyo kuni zake. Kazi ya kuwapatanisha hawa wawili ni ya meno ya roli za mwisho: yakiwa makali, yanakamua sehemu kubwa ya maji yaliyomwagwa, yakilika, maji yanakwenda tanuruni. Fundi alikuwa ameyaona meno yale yakilika kwa msimu mzima. Aliripoti kwa mdomo. Hakuna aliyeandika.

Kijana aliandika. Kwa siku kumi alichukua gramu mia za makapi kila zamu, akazikausha katika joko la maabara ya kiwanda hadi uzito ulipoacha kubadilika, akapima tena. Makapi mazuri huwa nusu maji, nusu nyuzi, au karibu na hapo. Yale ya usiku, maji ya kusuuzia yalipoongezwa, yalifika asilimia 56. Alipeleka karatasi kwa mkuu wa zamu, fundi akiwa ubavuni. Usiku uliofuata fundi alivaa kinga ya uso, akachomelea matone ya chuma kigumu juu ya meno huku roli zikizunguka, tone baada ya tone, cheche zikiruka juu ya miwa iliyolowa. Kijana alimshikia taa. Hajawahi kuona ustadi mkubwa kuliko ule, na amekaa na maprofesa wengi.

Je, hapo ndipo thamani ya PT ilipokuwa? Kwa sehemu. Mwanafunzi alipata macho, kiwanda kikapata vipimo. Lakini jambo lililokifanya kitivo kile kichanga kiwe na sura yake lilitokea miezi miwili baadaye, darasani.

Mhadhiri aliyefika kiwandani kumkagua alikuwa amekisoma kitabu chake cha kazi ukurasa kwa ukurasa. Muhula ulipofunguliwa hakuanza na sura ya kwanza. Aliandika ubaoni: makapi yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa takribani megajuli 7.5 kwa kilo. Yenye 56 yatatoa ngapi? Darasa likahesabu. Kila kilo ya maji hudai megajuli 2.26 ili igeuke mvuke tu, na nafasi iliyochukuliwa na maji haina nyuzi za kuungua. Jibu lilipotoka, kila asilimia ya unyevu ilikuwa imekula karibu megajuli 0.2. Hapo ndipo zile taa zilizofifia saa nane za usiku zilipata maelezo yake. Mwandishi aliketi nyuma, moyo ukimdunda. Swali lilikuwa limepanda basi kutoka shamba la miwa likaja kufundisha chuo kikuu.

Darasa lenyewe nalo lilikuwa likibadilika. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, vijana walitakiwa wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Waliofuata nyuma ya mwandishi walikuja na sugu viganjani. Mhadhiri aliyetaja mota iliyoungua aliulizwa na mtu aliyewahi kuibadilisha. Utaratibu ule ulikuwa na dosari zake, lakini kwa mafunzo ya uhandisi ulileta mezani watu ambao hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mashine ipo.

Mwandishi alihitimu mwaka 1978 na kuajiriwa katika shirika la umma. Miaka iliyofuata wenzake wa rika lake wanaikumbuka vizuri: vita vya Kagera, bei ya mafuta, fedha za kigeni kukauka. Beringi moja ilisubiriwa miezi sita. Katika ukame ule tupa na jiliwa vya mwaka wa kwanza vilirudisha fadhila. Shafti zilizovunjika zilikerezwa upya kutoka kwenye ekseli za malori mabovu, na bushi zilimiminwa kwa shaba iliyookotwa. Mhandisi na fundi mchundo walifanya kazi bega kwa bega, kwa sababu walikuwa wamekutana tangu mmoja wao alipokuwa mwanafunzi. Wanafunzi wa PT waliendelea kuja, na sasa mwandishi ndiye aliyesaini vitabu vyao.

Kisha viwanda vikaanza kufa. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma iliundwa mwaka 1992, na kabla ya muongo kwisha sehemu kubwa ya mahali alipojua pa kupeleka wanafunzi palikuwa pamebinafsishwa, pamefungwa, au pamegeuzwa maghala. Mwandishi alishuhudia kinu kikikatwa kwa gesi na kupimwa kama chuma chakavu. Watu walizungumzia ajira zilizopotea, na walikuwa na haki. Waliozungumzia darasa lililopotea walikuwa wachache sana.

Mwaka 2009, mvi zikiwa zimetanda, aliitwa katika kamati ya chuo kikuu kichanga cha mikoa ya kati. Chuo kilitaka kujitofautisha. Kikao cha kwanza kilizungumzia lango, nembo na tovuti. Cha pili kilifikia mafunzo kwa vitendo, na mwandishi aliomba aletewe vitabu vya kazi vya mwaka uliopita. Alivisoma kwa siku tatu. Uchungu alioupata haujamtoka. Mwanafunzi wa umeme wa viwandani alikuwa ametumia wiki nane akitoa nakala za barua katika ofisi fulani. Mwingine aliandika sentensi moja, "nilijifunza mambo mengi", kwa siku kumi na nne mfululizo. Mihuri ilikuwa kamili, saini kamili. Hakuna ukurasa uliokuwa na alama ya kalamu ya mhadhiri.

Pendekezo lake lilikuwa rahisi kulisema. Mhadhiri atoke kwanza. Kabla mwanafunzi hajapelekwa mahali, mwalimu wake akakae pale, arudi na swali ambalo wenye mahali hapo wanataka lijibiwe. Fundi atakayemlea mwanafunzi ajulikane kwa jina na alipwe posho na chuo, kwa sababu anafundisha. Na muhula mpya ufunguliwe kwa maswali yaliyotoka kwenye vitabu vya kazi.

"Chuo kikuu si gereji," alisema mjumbe mmoja, na wengi wakaitikia.

Mwandishi hakumbishia kwa hasira. Hoja ile ni ya zamani kuliko wote waliokuwemo chumbani. Aliisikia Herman Schneider kule Cincinnati, Marekani, alipoanza mwaka 1906 kupokezanisha wanafunzi 27 wa uhandisi kati ya darasa na kiwanda. Waliisikia waanzilishi wa Waterloo, Kanada, mwaka 1957, pale Ira Needles, aliyeongoza kampuni ya matairi, aliposhinikiza chuo kipya katika mji mdogo kiwapeleke wanafunzi kazini kwa zamu, wakati vyuo vikongwe vya nchi hiyo vikitazama kwa mashaka. Waterloo leo huvuta wanafunzi wa dunia nzima kwa utaratibu huo huo. Na huko Baden-Württemberg, Ujerumani, mwaka 1974, mwaka ule ule mwandishi alioingia kitivoni, vyuo vya Stuttgart na Mannheim vilifungua mlango kwa wanafunzi waliokuwa tayari wameajiriwa na makampuni, wakigawa muda kati ya benchi la shule na benchi la kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoanza na jina kubwa.

Hoja iliyokuwa nzito zaidi ilitoka kwa mhadhiri kijana wa kike. "Mzee, shikamoo. Enzi zenu kulikuwa na viwanda. Sisi tutawapeleka wapi?"

Swali la haki. Walitoka wakazunguka mji pamoja kwa siku nne, kwa miguu na bodaboda. Walihesabu mashine za kukamua alizeti nyuma ya nyumba na kando ya barabara kuu, mashine za kusaga na kukoboa, mafundi wa kuchomelea, wafua vyuma, gereji za trekta, wenye vibanda katika eneo la SIDO. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973, rika moja na kitivo cha Mlimani, ili kulea viwanda vidogo kama hivi. Wenye mashine hawakuomba pesa. Mmoja aliuliza kwa nini mota yake huungua kila Agosti. Mwingine alitaka kujua kwa nini skrubu ya mashine ya jirani hudumu misimu miwili na yake mmoja. Mhadhiri alijaza daftari. Akabaki kule wiki sita, na mke wa mwenye mashine mmoja akampa chumba.

Kamati ilipitisha utaratibu huo kwa idara moja tu, kwa majaribio. Posho ya mafundi ilichelewa miezi mitatu, ikalipwa.

Mwaka wa pili wa majaribio, asubuhi ya Julai yenye baridi ya nyanda za kati, mwanafunzi alibisha hodi ofisini kwa mwandishi akiwa na mifuko miwili ya nailoni. Ndani yake mlikuwa na mashudu ya alizeti. Mmoja aliukinga mashine ilipowashwa alfajiri, mwingine saa saba mchana, mbegu zikiwa zimepata jua. Fundi wake, alieleza, hupaka mashudu kwenye karatasi na kutazama doa: ya alfajiri huacha doa kubwa zaidi. Mafuta yanabaki humo kwa sababu mbegu ni za baridi, fundi anaamini hivyo, lakini hajui ni kiasi gani, wala kama kuni za kuzipasha moto zitarudisha gharama yake.

"Umepima unyevu?" mwandishi aliuliza.

"Bado. Naomba joko la maabara, Mzee. Na mizani."

Mwandishi aliinuka kutafuta funguo.