Wapagazi wa Mahindi

Mara ya kwanza tulicheza Waterloo. Fundi, anayetengeneza simu karibu na stendi ya Nachingwea, alikuwa amepakua kitabu cha bure cha sheria za mchezo wa vita vya Napoleon: namna ya kusogeza vikosi kwa rula, kurusha dadu kuona nani kapigwa, kujipanga mraba farasi wanapokuja. Wenye mchezo wao kule Ulaya hutumia vijisanamu vya askari vilivyopakwa rangi mpaka vifungo vya makoti. Sisi tulikuwa na visoda. Mwalimu, anayefundisha sekondari Ruangwa, alileta rangi ya kucha: nyekundu wakawa Waingereza, bluu Wafaransa. Dadu tuliazima kwenye ludo ya wadogo zake Fundi.

Tulikuwa wanne, wote tuliosoma pamoja: Fundi, Mwalimu, Dereva ambaye bodaboda yake ilitukutanisha wikiendi moja Nachingwea na nyingine Ruangwa, na mimi niliyerudi nyumbani kuandika tasnifu ya uzamili. Naandika juu ya Vita vya Kwanza vya Dunia huku Kusini. Kwa hiyo ni mimi niliyesema: kwa nini tunagombania Ubelgiji, na Mahiwa iko hapo tu, barabara ya Lindi?

Walikubali upesi. Niliwachorea bonde la Lukuledi kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, nikawasimulia. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu karibu 1,500, alilizuia pale jeshi la Waingereza la watu karibu 5,000: Wanaijeria, askari wa KAR, Wahindi. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500, na hao hawakuwa na pa kuwapatia wengine. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Sheria za Napoleon zilitugomea mapema. Kurasa nyingi zilihusu farasi, na huku Kusini mbung'o walikuwa wakiua farasi na ng'ombe. Tukafuta farasi. Tukafuta na mikokoteni yao. Dereva, ambaye hawezi kuangalia kitu bila kufikiria kitabebwaje, akauliza, "Sasa risasi na chakula alibeba nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nina aya yake katika sura ya pili. Wapagazi, nikasema. Nikawaambia jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Nikawaambia waliokufa upande wa Waingereza wanatajwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na kwamba upande wa Wajerumani hakuna daftari kamili. Nilisema yote hayo nikiwa nimenyoosha mgongo, kama mtu anayetetea tasnifu.

Basi mama yake Fundi akatupa bakuli la mahindi. Kila kisoda kilipewa punje tatu. Punje hairushi dadu. Inafuata nyuma, na kila raundi nayo inakula, kwa hiyo ukienda mbali mzigo unaliwa na aliyeubeba. Punje zikiisha, visoda vyako havisogei.

Mchezo ukawa mzito. Waterloo tuliimaliza kwa saa mbili. Hapa saa tatu zilipita na tulikuwa raundi ya nne. Mimi nilikuwa Mjerumani. Wanaijeria wa Fundi walikuwa wamezingirwa, nilibakiza kusogea shibiri moja tu, lakini punje zangu zilikuwa nyuma ya mto.

"Jamani," nikasema, "tuwatoe hawa wapagazi. Wanatuchelewesha." Nikazikusanya kwa kiganja, zangu na zao, nikazisukuma mpaka ukingoni mwa baraza.

Dereva alikuwa ameshika dadu. Akaiweka chini.

"Babu yake bibi yangu alichukuliwa Ruangwa," akasema. "Alikuwa shambani. Hatujui kama alimbebea Mjerumani au Mwingereza. Bibi anasema tu, alikwenda na vita."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Tumejuana tangu darasa la tatu, nimekula kwao mara nyingi, na miaka miwili nasoma habari za vita hivyo kwenye majalada Dar es Salaam, sikuwahi kumuuliza.

"Kaka, huu ni mchezo tu," nikasema.

"Na tasnifu?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza habari za vyanzo, kumbukumbu, na ugumu wa utafiti, na Mwalimu akawa anaitazama chaki iliyo sakafuni kama mtu anayemwonea aibu mwenzake. Katikati ya maelezo yangu tukasikia ko-ko-ko. Kuku wa mama yake Fundi alikuwa ukingoni mwa baraza, anadonoa. Fundi alipomfukuza zilikuwa zimebaki punje nne.

Tulicheka sana. Hata Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Mwalimu, aliyekuwa anaandika daftari la raundi, akafungua kurasa zake.

"Zilikuwa ngapi?"

Visoda vyote vilikuwa mle, kimoja kimoja, na jina la kikosi chake. Punje hatukuziandika.

Mahiwa hatukuimaliza. Usiku ule nilifungua sura ya pili nikaitafuta ile aya. Inaanza hivi: "Majeshi yote mawili yalikabiliwa na tatizo la usafirishaji." Msimamizi wangu aliipitisha bila alama yoyote. Nami nimeisoma pengine mara ishirini, na mara zote hizo ilinionekea ni sentensi nzuri.

Asubuhi nilimpigia Dereva kumwuliza kama bibi yake bado anapenda kuongea na wageni.

"Anapenda," akasema. "Ila hasikii vizuri, itabidi ukae karibu." Akanyamaza kidogo. "Na mafuta unaweka wewe."

Tunaondoka Jumamosi.