Dokta asiye na sindano

Hapa Kiwanja mtu akiitwa dokta, watu wanamwangalia mkononi kama ameshika sindano. Ndiyo maana mama mmoja deplase, msikilizaji wetu wa tangu zamani, alinitumia sauti kwenye simu: "Binti yangu amepata diplome ya Serikali, sehemu ya sosiale. Anasema atasoma mpaka awe dokta wa mambo hayo. Ni kazi gani? Na itachukua miaka mingapi, sisi ambao hatujui mwezi ujao tutalala wapi?"

Mimi nilikomea kwenye sekondari na kozi ya uandishi wa habari, sitajifanya profesa. Lakini nimetembea na wengi wanaotafuta udaktari huo, nikiwaonyesha njia na kuwatafsiria. Basi mama, nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Kwenye kituo cha afya kuna yule dada ambaye haandiki dawa. Anakaa na mama aliyebakwa, au na mtoto aliyepotezana na wazazi barabarani. Anasikiliza, anatafuta jamaa, anasindikiza mtu hospitali au kwa hakimu. Tunamwita APS, ni msaidizi wa mambo ya moyo na ya jamii. Dokta wa kazi hiyo si mkubwa wake. Ni mtu aliyeshika swali moja, kwa mfano juu ya nini familia moja ya deplase inapokea watoto wasio wake na nyingine inashindwa, akalifuata miaka, akaandika kitabu kinachoitwa teze, halafu maprofesa wakamhoji mbele ya watu mpaka wakakubali kwamba ameongeza kitu kwenye yale yaliyojulikana. Teze nzuri inaweza kubadilisha hata namna msaada unavyogawanywa. Mbaya inalala kabatini.

Kuhusu miaka: tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Congo vinaingia kwenye mfumo wa LMD. Licence ni miaka 3, master 2, udaktari 3. Jumla 8, kama vita haikuingilia kati, na hapa kwetu nani anaweza kuahidi hivyo? Hata hivyo ni afadhali kuliko zamani: graduat 3, licence 2, halafu masomo mengine ya miaka 2 kabla hata ya kugusa teze. Wengi walizeeka njiani. Kule Goma wengi ninaowajua waliingilia kwenye sosholojia, saikolojia au maendeleo ya vijijini. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya kazi za jamii yenyewe, lakini huko ni Kiingereza, na mtoto aliyesoma kwa Kifaransa lazima ahesabu na muda wa kujifunza lugha. Minervali sitaitaja, inabadilika kila mwaka. Bila bourse, wengi wanafundisha asubuhi na kuandika usiku.

Kwa maoni yangu asiharakishe. Akimaliza licence, afanye kwanza kazi ya kusikiliza watu, miaka miwili au mitatu. Nimeona watafiti wenye maswali mazuri sana ya vitabuni, ambao hawakujua kumwacha mtu alie kwanza.

Lakini mama, kilichonifanya niandike ni kitu kingine. Sisi wa Kiwanja tumehojiwa sana. Human Rights Watch walikadiria kwamba watu 150 hivi waliuawa hapa tarehe 4 na 5 Novemba 2008, na tangu hapo madaftari hayajaisha. Vita ya 2012 ilileta mengine, ya 2022 vilevile. Niliwahi kutafsiri kwa mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka ng'ambo. Mzee mmoja alimweleza kifo cha watoto wake wawili, saa moja na nusu, bila kusimama. Alipewa soda. Yule mwanafunzi alikuwa mpole, sina ubaya naye. Aliahidi kutuletea kazi yake ikiisha. Ni miaka sasa. Mzee akikutana nami anauliza: "Ile kitabu yangu iko wapi?" Anasema yangu, na mimi sioni namna ya kumsahihisha.

Hatuko peke yetu katika hilo. Mwaka 2020 kilitoka kitabu kwa Kifaransa, La Série Bukavu, kilichochapishwa Louvain, Ubelgiji. Ndani yake watafiti wa kwetu wanaeleza namna wanavyokusanya habari kwenye hatari, kisha majina yao yanapotea wakati kazi inapochapishwa. Mmoja wa waliokisimamia, Emery Mudinga, alipata udaktari wake hukohuko Louvain, na anafundisha ISDR ya Bukavu. Alienda akarudi.

Binti yako ameishi upande wa kuhojiwa. Anajua kwamba mtu akija na kalamu na kuuliza "mko wangapi nyumbani?", mama anajiuliza kwanza kama ni mambo ya jetoni za chakula, na anajibu kufuatana na njaa iliyoko. Mgeni anaandika hesabu hiyo kwenye teze kama ilivyo. Yeye angejua kuuliza mara ya pili, kwa njia nyingine, jioni, wakati watu wameshaelewa kwamba hagawi kitu.

Na ninyi wengine mliowahi kuhojiwa, tafuteni karatasi mliyotia sahihi, au picha yake kama iko kwenye simu. Mara nyingi jina la chuo liko juu, na barua pepe chini. Mniletee redioni. Yale mliyosema siku ile msinieleze, hayo ni yenu. Nitaandika kuuliza teze iko wapi na kama kuna mtu anaweza kutufupishia kwa Kiswahili. Karatasi ya yule mzee ilibaki nyumbani alipokimbia. Kwake tutaanza na jina la mwanafunzi tu.