Antwerp: Soma Cheti Kwanza, Pete Baadaye

Wapenzi, mkipata safari ya Ubelgiji msiishie kwenye chokoleti za Brussels. Pandeni treni hadi Antwerp. Mtashukia Antwerpen-Centraal, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1905, nzuri mpaka unaweza kudhani ni kanisa. Ukitoka tu upande wa Pelikaanstraat, vioo vya maduka vinameta pete mwanzo hadi mwisho.

Hatua chache mbele iko Hoveniersstraat, mtaa mfupi wenye kamera na polisi, moyo wa biashara ya almasi. Wenyewe hapa hufunga dili kwa kupeana mkono na kutamka "mazal", neno la Kiebrania la bahati njema. Wanajuana. Sisi wapita njia hatujuani na mtu, kwa hiyo kinga yetu ni cheti.

Mimi na mchumba wangu tuliwekewa mezani mawe mawili ya duara, kila moja nusu karati, yaani gramu 0.1. Vyeti vyote viwili vilisema rangi G, usafi VS2. Ila bei ziliachana kwa pesa ya kodi yetu ya miezi mitatu! Mwenzangu akaninong'oneza, "Si tuchukue hii ya bei poa, mpenzi?" Nikamwambia, ngoja tusome.

Rangi hupimwa kwa herufi: D haina rangi kabisa, kisha unashuka hadi Z yenye unjano. Ndiyo, A haipo! GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilianzia D ili isichanganywe na vipimo vya zamani. Usafi una madaraja 11, na jiwe hukaguliwa kwa kioo kinachokuza mara 10. VS2 ina vidoa, lakini kwa macho matupu kwa kawaida huvioni.

Tofauti yetu ilikuwa sehemu mbili. Kwanza, maabara si moja, na si zote zina mkono mgumu: G ya huyu inaweza kuwa H au I ya yule. Pili, mkato. Jiwe la bei poa liliandikwa Good, lile jingine Excellent. Mkato ndio unaorudisha mwanga machoni. Tulipoyasogeza dirishani, moja lilicheka, jingine likanuna.

Mwishowe tulichagua la tatu: karati 0.45, mkato Excellent, cheti cha GIA. Bei hupanda ghafla uzito ukifika namba kamili kama nusu au moja, na kidoleni nani ataona upungufu huo? Chenji ikaingia kwenye mfuko wa harusi.

Kabla hujatoa mshiko:

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya maabara iliyokitoa. Kwa GIA, sehemu inaitwa Report Check.

Kama jiwe limechorwa namba kwa leza ukingoni, omba kioo uilinganishe na ya cheti.

Angalia kama ni almasi ya ardhini au ya maabara. Zote ni almasi halisi, ila ya maabara ni rahisi zaidi.

Usitafute bei kwenye ripoti ya GIA, haimo. Inakuambia jiwe ni la namna gani. Thamani yake mtabishana na muuzaji, na hapo msione haya.