Niite Mkandaji

Ukisema "masaji" hapa Turbo, watu hucheka kwanza, ndipo wanauliza. Wanaume hukonyezana. Akina mama hushusha sauti. Kwa miezi kadhaa mama yangu aliwaambia wenzake wa chama kwamba mimi "niko na wakimbiaji kule Iten." Haukuwa uongo, ila aliikatiza sentensi kabla haijafika kwenye mikono.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda. Tangu hapo naandika: makala za watu, maelezo ya bidhaa, siku nyingine hotuba ya harusi. Kuandika kunalipa kukitaka. Kazi inayonilisha zaidi sasa ni kukanda. Nilifundishwa na mama mmoja wa Eldoret aliyefanya kazi miaka mingi katika hoteli za Diani, ambako mwenzake kutoka Thailand alimrithisha masaji ya kwao. Mara tatu kwa wiki nilipanda matatu hapa Turbo, tukapita Jua Kali na Maili Nne, kama kilomita 35, nikaenda kukaa sakafuni.

Sakafuni kabisa. Masaji ya Kithai haihitaji kitanda wala mafuta. Anayekandwa havui nguo. Anavaa kitu kipana cha pamba na kulala kwenye godoro jembamba. Unaanzia nyayoni, unapanda polepole. Unatumia viganja, vidole gumba, viwiko, magoti, hata nyayo zako. Wiki ya kwanza nilitoka jasho kama wapasua mbao wa kwetu.

"Wacha kusukuma," mwalimu akaniambia. "Egemea."

Nilichukua muda kuelewa. Kazi inafanywa na uzito wa mwili wako, mikono inaupeleka tu. Unamsikiliza mtu akipumua. Akitoa pumzi, unaegemea. Akivuta, unalegeza. Ukimharakisha, misuli inakufungia mlango. Halafu unamnyoosha: unaukunja mguu, unauzungusha, unausindikiza mpaka pale unapokataa, unasimama hapo hapo. Wakimbiaji wanaipenda sehemu hii. Jamaa aliyemaliza kilomita 35 za Jumamosi kwenye vumbi jekundu huja na msuli wa nyuma ya paja umekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Mwaka wa 2019 dunia nzima ilimtazama Eliud Kipchoge kule Vienna akimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wachache waliiona mikono iliyoitunza ile miguu kwa miaka, ya mtaalamu wake wa viungo, Peter Nduhiu. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, UNESCO iliiweka masaji ya Kithai kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wenyewe walianza kuihifadhi zamani. Katika hekalu la Wat Pho, Bangkok, Mfalme Rama III aliamuru katika karne ya 19 michoro ya mwili na njia za kuukanda ichongwe kwenye mawe, mtu yeyote apite asome. Mwaka wa 1955 ikafunguliwa shule hapo hapo.

Nikisoma hayo namkumbuka Kukhu, nyanya yangu. Yeye hakuandika popote. Mwanamke akijifungua aliitwa na maji yake ya moto, kitambaa na samli. Kijana akiteguka kwenye mpira aliletwa kwake. Jirani zetu Wanandi walikuwa na kogo wao wa kazi hiyo hiyo, na wagonjwa walivuka ua bila kuuliza kabila. Pwani wana kusinga, bibi harusi anasuguliwa kwa liwa mpaka ngozi inang'aa. Hakuna aliyekonyeza. Kukanda kulikuwa kukanda, neno lile lile la unga wa chapati. Kicheko kilikuja na neno "masaji", pamoja na vyumba vyenye taa nyekundu na wateja wanaouliza kama kuna "huduma ya ziada." Mimi nimeulizwa. Nilimrudishia pesa yake na kumfungulia mlango.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbinu ya Kithai ndiyo iliyonirudisha kwa Kukhu, nikatamani ningekaa karibu na lile beseni nikauliza maswali. Alipofariki, alienda na yote.

Lakini mikono ina mpaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inasema huwezi kujiita mtaalamu wa fiziotherapia bila kusajiliwa, nami naiheshimu, kwa sababu niliona kwa nini. Kijana mmoja wa miaka 19 aliletwa kwangu na kocha wake, wiki tatu kabla ya mbio ambazo zingeweza kumpatia wakala. Mbele ya mfupa wa goti kwenda chini palimuuma, sehemu moja tu, upana wa kidole. Nilimuuliza kama panauma usiku akiwa amelala. Akasema ndiyo. Nikakunja godoro.

Kocha alikasirika. "Umelipwa ukande!" Nikamrudishia mia tano yake, nikawaambia waende hospitali wakapige picha. Kijana hakunitazama wakati akivaa viatu. Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Mbio zilimpita. Nilisikia amerudi mazoezini baada ya miezi minne, kwa kocha mwingine. Kwangu hajarudi, na simlaumu. Kwa mkimbiaji asiye na mkataba, wiki tatu ni maisha.

Sasa nina chumba kidogo nyuma ya duka la mbegu, pazia la kitenge, godoro na ubao mlangoni. Fundi wa maandishi aliniuliza aandike "spa" au "masaji". Nikamwambia aandike MKANDAJI, kwa herufi kubwa. Alisema wateja hawataelewa. Wa kwanza kuelewa alikuwa mwanamke anayeuza viazi stejini, mgongo umemwisha kwa kuinua magunia. Alisoma ubao, akavua viatu, akauliza kama alale kifudifudi au chali.

Mama alikuja mwezi uliopita, na wenzake wawili wa chama.