Darasa Lenye Nafasi ya Mtoto wa Nje

Sisi tunaofundisha watoto wa Shule ya Jumapili hufungua Agano la Kale karibu kila juma. Tunawasimulia watoto habari za Ibrahimu, Musa na Daudi. Ni mara chache tunajiuliza jinsi Wayahudi, ambao vitabu hivyo vilitoka kwao, wanavyowafundisha watoto wao. Tulipoanza kulitafuta jibu tulipata mambo ambayo hatukuona vema kukaa nayo peke yetu.

Msingi wa kazi hiyo umo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, panapoagizwa kwamba wazazi wawafundishe watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hapo mwanzo, basi, mwalimu wa mtoto alikuwa baba yake. Je, yatima alifundishwa na nani? Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, inaeleza kwamba mtoto mwenye baba alisoma, na asiye na baba alikosa. Ndipo Yoshua mwana wa Gamla, aliyekuwa kuhani mkuu katika karne ya kwanza, akaagiza walimu wawekwe katika kila mji, na watoto waanze kusoma wakiwa na miaka 6 au 7. Tuliposoma hayo tulitulia kidogo. Kumbe mlango wa darasa ulipanuliwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa amebaki nje!

Mtoto huanza na herufi 22 za Kiebrania, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika Zama za Kati, Wayahudi wa Ujerumani na wa kaskazini mwa Ufaransa walikuwa na desturi ya kupaka asali juu ya herufi zilizoandikwa kwenye kibao. Mtoto aliyeletwa kwa mwalimu kwa mara ya kwanza aliilamba, ili neno la Mungu liwe tamu kwake tangu siku ile. Sisi wauguzi tunaelewa sana jambo hili, kwa kuwa tunajua kinyume chake. Mtoto aliyechomwa sindano mwezi huu, mwezi ujao ataanza kulia mara tu aonapo gauni letu jeupe. Siku ya kwanza haisahauliki upesi.

Talmudi inatoa hesabu pia. Mwalimu mmoja afundishe watoto 25. Wakifika 40 apewe msaidizi, na wakifika 50 wawekwe walimu wawili. Kanuni hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,600, na bado inatutia aibu. Akina mama mliowahi kulazwa mnajua kwamba muuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa wengi mno atapita vitandani, lakini hatawaona wagonjwa. Darasani ni hivyo hivyo. Chini ya mwembe wetu hukaa watoto 70 na zaidi. Alipokuwapo mwalimu mmoja, waliojibu maswali walikuwa wale wale sita wa mbele, na wa nyuma walitupiana vijiti.

Lakini fundisho lililotugusa kuliko yote ni maagizo ambayo rabi aitwaye Rav alimpa mwalimu wa watoto. Kwanza, akilazimika kumwadhibu mtoto asitumie kitu kizito kuliko kamba ya kiatu. Pili, mtoto asiyeweza kushika somo asifukuzwe. Aachwe akae pamoja na wengine awe mwenzao.

Agizo hilo la pili tulilihitaji. Kuna kijana mdogo wa miaka 9 ambaye alipokuwa mchanga aliugua malaria iliyompanda kichwani. Alipona, lakini husema kwa shida, na mara kwa mara huanguka kifafa. Ulipofika wakati wa watoto kuandaa mistari ya Krismasi, baadhi ya wakubwa walimshauri mama yake amwache nyumbani, wakisema anawachelewesha wenzake na kuwatia hofu. Mama huyo alipokuja kliniki kuchukua dawa alituuliza, bila hasira, ni umri gani mtoto wa namna ile huruhusiwa kanisani.

Sisi walimu watatu tulikwenda kuwaona wazee. Tuliomba mambo mawili: mtoto abaki, na darasa ligawanywe ili kila mwalimu aweze kuwaona watoto wake. Haikuwa rahisi, maana kwaya nayo ilikuwa inawataka walimu wale wale. Mwishowe tulikubaliwa. Kisha tukawafundisha watoto la kufanya mwenzao akianguka: waondoe mawe na vitu vigumu karibu naye, wamlaze ubavu, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wamwite mtu mzima, na wakae naye mpaka aamke. Tukawaambia pia kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa. Leo akianguka hakuna anayekimbia. Hajashika mstari hata mmoja. Yeye ndiye anayegawa mikeka, na mkeka wa mtu anaukumbuka kuliko sisi.

Tusidhani kwamba madarasa yote ya Wayahudi yalikuwa kama kanuni hizi. Katika Ulaya ya Mashariki ya karne ya 19 watoto wengi walisoma katika chumba kidogo nyumbani kwa mwalimu maskini, wakiwa wamebanana, na fimbo ilitumika. Tena wasichana wengi hawakupewa elimu ya dini waliyopewa kaka zao. Hapo napo mlango ulihitaji kupanuliwa, na miongoni mwa walioupanua walikuwamo wanawake.

Mmoja ni Rebecca Gratz wa Philadelphia, Marekani. Hakuolewa, na alilea watoto wa ndugu yake wa kike aliyefariki. Mwaka 1838 alianzisha shule ya Jumapili ya watoto wa Kiyahudi, wavulana kwa wasichana, akifuata mfano wa shule za Jumapili za Wakristo. Walimu walikuwa wanawake waliojitolea bila mshahara. Vitabu vya Kiyahudi vya watoto kwa Kiingereza vilikuwa haba, hivyo walitumia vya Wakristo na kubandika karatasi juu ya sehemu zisizopatana na imani yao. Aliiongoza shule hiyo kwa zaidi ya miaka 25.

Mwingine ni Sarah Schenirer, fundi cherehani wa Kraków, Poland. Aliwaona wateja wake wakijali sana vazi la mwili, akasikitika kwamba roho zao hazina wa kuzivika. Mwaka 1917 alifungua darasa la wasichana wadogo 25. Alipofariki mwaka 1935, shule za Bais Yaakov zilizotokana na darasa lile zilikuwa zaidi ya 200. Fundi cherehani, akina mama!

Hata jirani zetu Uganda wamo katika habari hii. Karibu na Mbale wako Waabayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, na ikavumilia marufuku ya wakati wa Idi Amin. Shule yao ya msingi ya Hadassah imepokea watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu.

Dada mpendwa unayefundisha watoto, pengine unasema huna cheti wala vitabu. Gratz alikuwa na vitabu vya kuazima na gundi. Schenirer alikuwa na sindano. Anza na hesabu. Jumapili ijayo wahesabu watoto wako, na wakizidi uwezo wako omba msaidizi bila kuona haya. Kisha fanya tunavyofanya kliniki, ambako tukishafunga daftari la waliochanjwa huandika majina ya waliokosa na kuwafuata nyumbani. Waulize watoto ni nani mtaani kwao asiyekuja, na kwa nini. Andika jina lake, halafu nenda ukapige hodi.