Godoro Huuzwa kwa Jina



Katika vitu vyote viingiavyo nyumbani, godoro ndilo mnunuzi asiloweza kulikagua. Mchele huonjwa, kitambaa hushikwa kwa vidole, ng'ombe hutazamwa meno. Bali godoro limeshonwa pande zote, na kilichomo ndani akijuaye ni aliyekitia. Mnunuzi hulilalia dakika mbili dukani na viatu vyake miguuni, muuzaji amemsimamia kichwani. Kisha huenda akalilalia miaka kumi.

Sisi ni wazee wawili, mume na mke. Mmoja wetu, aliyeshika kalamu hii, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufundisha sekondari hadi kustaafu. Mwaka huu tumelazimika kulifikiri sana jambo la magodoro, kwa kuwa mpwa wetu mwenye duka la magodoro na mapazia hapa Minneapolis alitujia na haja. Alitaka tumtilie akiba yetu yote katika biashara yake, ili duka moja liwe matatu kabla ya mwaka kwisha. Kabla ya kumjibu tuliomba muhula wa kutafakari, na yale tuliyoyatafakari ndiyo tunayoyaleta mbele yenu, maana tunajua si sisi peke yetu tunaoombwa mtaji na vijana wetu.

Sisi tuliozaliwa Tanga tulilelewa juu ya magodoro ya sufi. Msufi ulisimama shambani. Matunda yake yalipopasuka, watoto waliokota, wakatoa mbegu, na sufi ile nyepesi ikatiwa maguniani. Asiye na sufi alijaza usumba wa nazi. Fundi aliitwa nyumbani, akatandika jamvi barazani, akashona kwa sindano yake ndefu mbele ya macho ya mwenye mali. Bibi wa nyumba alijua idadi ya magunia yaliyoingia, na kama fundi angethubutu kuchanganya na matambara, angeonekana papo hapo. Baada ya miaka michache, sufi ilipogandamana, godoro lilifumuliwa, sufi ikaanikwa juani na kuchambuliwa, ikarejeshwa ndani. Hapakuwa na haja ya jina la kampuni, kwa kuwa jicho lilitosha.

Kisha ikaja sponji. Mjerumani Otto Bayer na wenzake walivumbua kemia yake mwaka 1937, na kuanzia miaka ya 1950 povu hilo likaingia katika magodoro ya dunia nzima. Kwetu nasi vikajengwa viwanda, watu wakajifunza kuuliza inchi na kutaja tano kwa sita, na Tanzania nzima ikasema "godoro la Dodoma" kana kwamba mji ndio uliolishona. Hapo ndipo jicho lilipopokonywa kazi yake. Sponji nzito na sponji hafifu huvikwa kitambaa kilekile chenye maua. Tofauti huonekana baada ya miezi sita, pale katikati ya godoro panapobonyea kama bakuli. Tangu siku hiyo mnunuzi hana budi kununua jina. Jina ndilo limekuwa jicho lake.

Waislamu tunalo fundisho la kale juu ya jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tukilitazama vizuri, tutaona kwamba kosa la mfanyabiashara yule halikuwa mvua, bali ni kuuficha unyevu chini. Na godoro, kwa umbile lake, ni rundo ambalo sehemu yake yote iko chini.

Sasa tutazame mji huu tunaoishi. Mwaka 1967 Kenneth Larson alianzisha hapa Minnesota biashara ya Slumberland. Wenzetu waliotoka Kenya walilikuta jina hilo kwenye magodoro ya kwao vilevile, lakini wasichanganye; hii ni biashara nyingine. Duka lile likazaa jingine, na leo hii ni maduka zaidi ya mia moja katika majimbo ya kati ya Marekani, yanayouza magodoro na samani za kila namna. Yafaa kuangalia namna lilivyokua. Ukuaji wake umechukua zaidi ya nusu karne, na sehemu ya maduka hayo, hasa katika miji midogo, ni mali ya watu wa miji hiyo wenyewe, waliopewa kibali cha kutumia jina. Kwa hiyo mwenye duka huonana na wateja wake kanisani na shuleni kwa watoto. Akiwauzia kibovu, hana pa kujificha. Biashara hiyo pia ina mpango uitwao 40 Winks wa kuwapa vitanda watoto wasio navyo. Hatusemi haya kumfanyia mtu tangazo. Kila mmoja akanunue anapopenda. Twasema tu kwamba jina la familia likidumu miaka hamsini, kuna jambo la kujifunza.

Upande wa pili kuna kisa kingine. Huko New York familia ya Acker ilianzisha maduka ya Sleepy's, yakaenea kaskazini-mashariki ya nchi hii. Mwaka 2016 yakauzwa kwa takriban dola milioni 780 kwa Mattress Firm ya Houston, na jina la Sleepy's likashushwa milangoni. Mwaka huohuo Mattress Firm yenyewe ikanunuliwa na Steinhoff ya Afrika Kusini, kwa kiasi cha dola bilioni 3.8 ukihesabu na madeni. Maduka yalikuwa yamefika zaidi ya elfu tatu, mengine yakitazamana katika njia panda moja, yakinyang'anyana mteja yuleyule.

Desemba 2017 ikadhihirika kwamba hesabu za Steinhoff zilikuwa za uongo. Thamani ya hisa zake ikaporomoka kwa siku chache. Oktoba 2018 Mattress Firm ikakimbilia kinga ya mahakama ya ufilisi, ikatangaza kuwa huenda ikafunga maduka kama 700. Ilitoka katika kinga hiyo mwezi uliofuata, na Februari 2025 ikaingia mikononi mwa watengenezaji wa magodoro, Tempur Sealy, kwa kiasi cha dola bilioni 5.

Miongoni mwa waliokuwa na hisa za Steinhoff ulikuwamo mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali ya Afrika Kusini, na miongoni mwa watumishi hao ni walimu. Tulipolisoma hilo tulinyamaza kidogo. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini huko Limpopo alikuwa amewekewa sehemu ya uzee wake katika maduka ya magodoro ya Marekani, pasipo yeye kuulizwa. Sisi tulikuwa tunaulizwa. Basi ilikuwa wajibu wetu tujibu kwa akili.

Tukamwita mpwa wetu nyumbani, tukamwekea chai na mahamri, tukamwomba atueleze mpango wake tangu mwanzo.

"Mjomba," akasema, "mwenzangu aliyefungua jirani yangu tayari ana maduka mawili. Nikingoja nitaachwa. Wenye majengo wananipigia simu kila siku. Akiba yenu itakuwa ya kuanzia, na kilichobaki nitakopa benki."

"Kwa riba?"

"Wote wanafanya hivyo, mjomba."

Mke wa mjomba wake hakuingia katika mjadala wa riba. Alimwuliza swali moja: "Mwanangu, mteja wa mwisho aliyekurudishia godoro, ilikuwaje?"

Kijana akasitasita, kisha akasimulia. Mama mmoja Mkongo kutoka Brooklyn Park alinunua godoro, likabonyea kabla ya mwaka. Kiwanda kikakataa kulipokea, kwa hoja kwamba kitako cha kitanda hakikuwa cha kufaa. Mpwa wetu akambadilishia kwa mali yake mwenyewe. Tukamwuliza kama yule mama alipata kurejea. Akasema amerejea mara mbili, na kila mara alikuwa na familia nyingine iliyowasili karibuni.

"Na ungekuwa na maduka matatu na deni la benki la kila mwezi," tukamwuliza, "ungeweza kumbadilishia?"

Hakujibu. Jibu letu basi likawa hili: hatutatia fedha katika maduka matatu, tutatia sehemu ya akiba katika duka moja, kwa ushirika wa faida na hasara, kwa maandishi na mashahidi wawili, na duka la pili lisifunguliwe mpaka la kwanza liweze kulijenga kwa faida yake. Tukamwelekeza pia kwamba katika mji huu zipo njia za mtaji zisizo na riba. African Development Center, iliyoanzishwa na marehemu Hussein Samatar, imeshughulika na mikopo ya namna hiyo kwa wafanyabiashara wahamiaji kwa miaka mingi, kwa kuwa waanzilishi wake waliona Waislamu wengi wanashindwa kukopa kwa sababu ya dini yao.

Hakufurahi. Alituaga kwa heshima, lakini kwa miezi miwili hakukanyaga kwetu, na dada yetu akapiga simu kutoka Tanga kutuuliza kama sisi tulikuja Marekani kujifunza uchoyo. Maneno hayo yalituuma. Hata hivyo hatukubadili kauli, maana kumtakia mtoto kheri si lazima kuwe ni kumpa kila akiombacho. Mwisho alirudi mwenyewe, na mkataba tukautia saini.

Masharti yetu yalikuwa machache. Kwanza, dukani pawe na godoro moja la kila aina lililokatwa ubavuni, ili mteja aone sponji na springi kwa macho yake, kama bibi zetu walivyoiona sufi. Pili, muda wa kurudisha na kubadilisha uandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, na ubandikwe ukutani. Tatu, godoro lililokwisha kutumiwa lisiuzwe dukani kabisa. Sharti hili la tatu lina sababu. Familia moja tunayoijua iliuziwa na mtu ambaye hatumtaji godoro kuukuu lililovikwa kitambaa kipya. Kunguni wakawatoka ndani yake, na ikachukua majira yote ya baridi kuwamaliza.

Kwa ninyi wanunuzi, nasi twaongeza mawaidha matatu. Lebo ya godoro isomeni, maana sheria za majimbo mengi ya nchi hii zinataka iseme kilichomo ndani, na onyo la kutoibandua ni la muuzaji, si lenu mlionunua. Magodoro mapya tangu Julai 2007 ni lazima yatimize kipimo cha serikali cha kuzuia moto, nalo ni jambo la kuulizia. Na muwe na hadhari na bango lisemalo "miezi 12 bila riba." Aghalabu maana yake ni kwamba usipomaliza deni lote katika miezi hiyo, hata zikibaki dola kumi, riba huhesabiwa tangu siku ya kwanza. Hiyo si zawadi. Ni riba iliyowekwa chini ya rundo.

Ama familia zilizowasili karibuni na zisizo na uwezo, zisione haya kumwomba msimamizi wao wa makazi aziandikie barua kwenda Bridging, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye ghala Bloomington, ambalo huwapa watu vitanda na vyombo vya kuanzia maisha. Mtoto anayelala sakafuni Januari katika mji huu hafai kungoja mpaka baba yake apate kazi ya pili.

Duka la mpwa wetu bado ni moja. Yule jirani yake sasa anayo matatu, na bendera zake zinapepea kando ya barabara; Mungu ambarikie naye. Hatuwezi kuapa kwamba mpwa wetu atadumu na jirani ataanguka, kwani riziki haigawiwi na walimu wastaafu. Tunalolijua ni kwamba mwezi uliopita, tulipokwenda kukagua daftari, tulilikuta godoro lililokatwa ubavu limechakaa pale penye mkato kwa sababu ya mikono ya wateja wanaoingiza vidole kuhakikisha. Mpwa wetu akauliza kama aliondoe, kwa kuwa haipendezi kulitazama.

Tukamwambia akate jingine.